Umma wa Mtu Mmoja

“Mabibi na mabwana! Umma mtukufu wa Itundwa! Ninyi elfu arobaini mliofurika leo katika uwanja huu wa mababu zenu, simameni kwa heshima ya Karakana, klabu ya wananchi!”

Umma mtukufu ulikuwa unamenya chungwa. Ulitazama kushoto, ukatazama kulia, ukaona viti elfu thelathini na tisa, mia tisa tisini na tisa, vyote vimepanguswa vumbi na vyote vitupu, ukaendelea kumenya.

“Umma, simama basi,” sauti ya Bwana Ladislaus ikaujia kupitia kidude cha sikioni.

“Nina mbegu mdomoni, mzee,” umma ulinong’ona.

“Tema.”

“Nikitema, tutatema wote.”

Kijana alikuwa amesema kweli tupu. Shingoni mwa kijana huyo kulining’inia kidani cha fedha, na chochote alichokitoa kinywani kuzidi mnong’ono, kidani kilikichukua na kukipeleka kwenye mtambo uitwao Kinywa. Kinywa kiliigeuza sauti moja kuwa elfu arobaini: nyingine ya wazee wenye kikohozi, nyingine ya kina mama, nyingine ya watoto waliobebwa mabegani, kila moja ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake kama ya watu wa kweli. Kisha vipaza sauti vilivyofichwa chini ya kila kiti vikazitoa. Kwenye televisheni viti vilionekana vimejaa watu wa nuru wanaopunga vitambaa. Uwanjani penyewe palikuwa na Dachi Semkiwa, miaka kumi na saba, kidato cha tano, na chungwa.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa na hata mechi haikuwapo. Ilikuwa mazoezi ya kushangilia.

Inafaa hapa msomaji aelezwe sheria, na aelezwe kwa adabu, maana ilitungwa na watu wazima. Zamani timu tajiri zilikuwa zikipiga kanda za kelele katika viwanja vitupu, mpaka shirikisho la soka likachoka na kuandika Sheria ya Pumzi: hakuna sauti ya mashabiki itakayosikika uwanjani ila iliyotoka katika pumzi ya mwanachama hai, mwenye kadi, aliyepo hapo hapo. Sheria nzuri. Waungwana walioiandika walisahau kitu kimoja tu, nacho ni kusema wanachama wangapi.

“Haya, tuseme goli,” alisema Bwana Ladislaus, ambaye cheo chake kilikuwa Mratibu wa Furaha na ambaye Dachi hakuwahi kumwona akicheka.

“Gooo!” akasema Dachi, bila moyo.

Uwanja ukanguruma hadi njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Ngurumo ikamwingia Dachi kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikamkaa kifuani. Miezi minane aliisikia kila wiki na kila wiki alijiambia kwamba hajali.

“Kesho anakuja Waziri wa Pazia mwenyewe kutoka Veldara,” Bwana Ladislaus aliendelea. “Nchi mia mbili zitatazama. Sare inatutosha kuwa mabingwa. Na wewe unajua masharti. Likitoka jambo lolote la siasa kwenye hicho kidani, shirikisho linatukata pointi tatu palepale. Unajua kuhesabu?”

“Nasoma sayansi, mzee.”

“Basi nimemaliza.” Akasita. “Umekula?”

“Nimekula chungwa.”

“Hilo si chakula, Umma,” akasema Mratibu wa Furaha, na sauti ikakatika.

*

Itundwa ni mji wa reli. Mafundi wa karakana ya treni ndio walioanzisha klabu, miaka tisini na moja iliyopita, kwa mpira wa matambara na fulana walizozichovya kwenye grisi ili zifanane. Katika miaka yote hiyo Karakana haikuwahi kuchukua ubingwa. Ilichukua kila kitu kingine: nafasi ya pili, nafasi ya nne, lawama, mvua ya mawe. Ndipo ikaja Dola ya Veldara, iliyotajirika kwa kuuza kivuli. Jua lilipozidi ukali, Veldara ilitandaza angani Pazia lake, maili kwa maili za kitambaa cha fedha, na nchi zisizotaka kuungua zikalipa ili zifunikwe saa fulani za siku. Taifa linalouza kivuli lina kila kitu isipokuwa wa kulipenda. Likanunua timu.

Miaka miwili mji ulifurahi. Jezi mpya, nyasi mpya, kivuli cha bure kila siku ya mechi. Kisha vijana wa Itundwa waliokwenda Veldara kuchomelea minara ya Pazia wakaweka zana chini kudai glavu na maji ya kunywa. Kiongozi wao, Mfaume Kilua, beki wa kushoto wa zamani wa Karakana, alikamatwa. Veldara ikaulizwa yuko wapi. Ikajibu kwamba haimjui mtu wa jina hilo.

Wanachama wakaitana. Wakaapa kwamba hakuna atakayekanyaga uwanja wala kutazama mechi hadi Mfaume arudi. Na ili wenye mali wajue kwamba hawatanii, wakatia kadi zao zote kwenye gunia, kadi elfu tatu mia moja na kumi na mbili, wakaenda kulimwaga mbele ya ofisi kwa nyimbo na vigelegele. Wenye mali waliwashukuru mno, wakawaandikia hati ya kupokea. Maana katiba ya klabu ilisema kwamba nusu na ushee ya klabu ni mali ya wanachama wenye kadi, na tangu alasiri ile mwanachama mwenye kadi alikuwa mmoja, tena mtoto wa shule asiyefikisha umri wa kupiga kura.

Kadi ya Dachi ilikuwa ndani ya tranka, bweni namba nne, chini ya soksi. Yeye mwenyewe alikuwa anafyeka majani kwa adhabu ya wiki sita, kwa kosa la kuiga sauti ya mkuu wa shule kwenye kipaza sauti na kuitangazia shule nzima mapumziko ya kitaifa, ambayo hata mke wa mkuu wa shule aliyaitikia kwa kufunga safari kwenda kwao. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kuwa wanachama wa Karakana. Lake Dachi lilikuwapo, tena peke yake. Bwana Ladislaus alimkuta kwenye majani na panga mkononi, akamweleza kwamba klabu isiyo na mwanachama hai hufutwa daftarini siku ya thelathini, na kwamba hiyo ilikuwa siku ya ishirini na tisa.

Dachi akavaa kidani, akahama bweni, akawa anakwenda shule akitokea nyumbani.

Mji ukamtenga. Kutengwa kwa Itundwa hakuna kelele. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemrushia jiwe. Dukani mwenye duka alipanga tena sabuni zilizokwisha pangwa mpaka Dachi aondoke. Msikitini nafasi ilibaki kulia kwake na kushoto kwake, pana kama ya mgonjwa. Wenzake wa utotoni walimpita wakizungumza, na walipomfikia mazungumzo yalikatwa, na walipompita yakaunganishwa palepale yalipokatiwa. Baba yake, fundi mstaafu, alimpa chakula akamnyima maneno: sahani ilifunikwa kawa, ikawekwa mezani, na mlango wa chumbani ukafungwa. Kijana aliyezoea kuchekesha bweni la watu sitini alianza kujichekesha mwenyewe, na akagundua kwamba vichekesho vyake vilikuwa vya kawaida tu.

Alikuwa na mtu mmoja. Nyuma ya nyumba, ng’ambo ya ua wa minyaa, aliishi mama yake mdogo, Zawena, mkewe Mfaume Kilua.

*

Asubuhi ya Jumamosi Zawena alikuwa anaanika nguo. Alizungumza na shuka, maana mtu mwenye macho angeweza kupita.

“Umelala?”

“Kama gogo, ma’mdogo.”

“Mwongo. Taa yako niliiona.” Akabana pini. “Jumatatu wanamsomea hukumu.”

Habari hiyo aliileta mchomeleaji mwenzake Mfaume aliyefukuzwa Veldara, akiwa ameiandika kwenye karatasi na kuishona ndani ya soli ya kiatu. Mfaume alikuwa hai. Jumatatu angepelekwa mbele ya hakimu bila wakili wala jina, kisha angepandishwa juu, kwenye Pazia lenyewe, kushona nyufa angani kwa miaka kumi na miwili. Aliyepandishwa huko hakuwahi kuteremka.

“Wanaweza kumhukumu kwa sababu hayupo,” alisema Zawena. “Mtu ambaye dunia haijamsikia, ukimtia mfukoni nani atauliza? Lakini wakilisikia jina lake watu elfu arobaini wanalitamka mbele ya Waziri, mbele ya nchi mia mbili, kesho yake waandishi watauliza. Na kesho kutwa hawataweza kusema hawamjui.”

“Kinywa kina chujio, ma’mdogo. Kinatoa matusi, kinatoa majina ya watu wasiotakiwa.”

“Si ulisema kinapitisha majina ya wachezaji?”

“Wote. Wa sasa na wa zamani.”

“Namba tatu, misimu saba. Walimwingiza wenyewe kwenye kumbukumbu zao, na picha wakaweka.” Kwa mara ya kwanza katika miezi minane Dachi alimwona akitabasamu, ingawa tabasamu lilikwenda kwa foronya. “Mara tatu tu, mwanangu. Mfaume Kilua, Mfaume Kilua, Mfaume Kilua. Halafu uvue hicho kidude ukimbie.”

“Huu utakuwa utani mkubwa kuliko wa mkuu wa shule.”

“Si utani.”

“Najua, ma’mdogo.”

“Watakata pointi. Ubingwa utakwenda.”

“Ubingwa ni bati tu,” alisema Dachi, kwa sauti ya mtu mzima. “Bati lenye masikio mawili.”

Zawena aliinama kuchukua nguo nyingine. Ilikuwa shati la kiume, limefuliwa ingawa hakuna aliyelivaa. “Mji utakusamehe,” alisema. “Nitawaambia mimi mwenyewe. Nitapita nyumba hadi nyumba.”

*

Saa kumi kasoro robo Pazia lilisogezwa, na kivuli kikauteremkia uwanja kutoka lango la kaskazini hadi la kusini, kibaridi, sawasawa kama shuka linalotandikwa. Waziri wa Pazia aliketi jukwaa la heshima, bibi mfupi mwenye miwani, akapunga mkono kuelekea viti vitupu. Kitu kilichomsumbua Dachi ni kwamba alionekana mwema.

Walikuwa wamepanga dakika ya tatu, kwa heshima ya jezi. Dakika ya tatu ilipofika Karakana walikuwa na kona. Dachi alikwisha vuta pumzi. Akaona si uungwana kumkatisha mtu anayetaka kupiga kona. Baada ya kona hii, alijiambia. Kona ikazaa kona nyingine.

Dakika ya ishirini wapinzani, Chumvi United, wakafunga. Kimya kikatanda, kimya cha mtu mmoja kilichokuzwa mara elfu arobaini, kizito hadi Waziri akageuka kutazama kama kuna kilichoharibika. Sasa siwezi, aliwaza Dachi. Nikilitaja tukiwa nyuma watadhani ni hasira ya kufungwa. Yalikuwa mawazo ya busara. Siku hiyo alikuwa na mawazo mengi ya busara, yakimjia moja baada ya jingine, kila moja likiwa na sababu yake.

Mapumziko Bwana Ladislaus alimletea chapati kwenye gazeti, akaketi kiti cha pili kutoka kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Babu yangu alikuwa Karakana,” alisema, akitazama nyasi. “Alikufa akisubiri. Aliniambia, wakichukua, njoo kaburini uniambie.”

“Hukuniambia, mzee.”

“Hukuuliza. Kula.”

Kipindi cha pili Karakana walicheza kama watu waliolaaniwa. Walipiga mwamba mara mbili. Dakika ya sabini na moja Obedi Mgaya, mshambuliaji, mtoto wa hapo hapo Itundwa, alitia mpira wavuni, na mshika kibendera akainua kibendera chake. Dachi alisahau Veldara, alisahau Pazia, alisimama juu ya kiti akapaza sauti:

“Wewe mshika kibendera! Mkeo anajua kwamba huoni?”

Elfu arobaini wakauliza swali hilo hilo. Wazee waliuliza, kina mama waliuliza, watoto wa mabegani waliuliza. Mshika kibendera aligusa miwani ambayo hakuvaa. Dachi akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye, kicheko kikubwa cha watu walioketi bega kwa bega, kikamzunguka, kikamshika. Hakuna aliyekuwa amecheka kichekesho chake kwa miezi minane. Alifumba macho ili asivione viti.

Dakika ya themanini na nne Obedi akaruka katikati ya mabeki wawili na kupiga kichwa. Wavu ukatikisika na kibendera kikabaki chini. Alichokitoa Dachi hakikuwa neno, na Kinywa kilikikuza hivyo hivyo bila neno. Alipopata fahamu alijikuta analia, na watu elfu arobaini wanalia pamoja naye.

Moja kwa moja. Sare ilitosha.

Zilibaki dakika sita, na zikabaki tano, na nne. Jina lilikuwa mdomoni, lote, na ladha yake. Alimwona Mfaume alivyokuwa akimfundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Akahesabu, maana alisoma sayansi: wakikatwa pointi tatu, watakuwa wa tatu. Akamtazama Bwana Ladislaus aliyesimama kwenye lango la wachezaji, mikono kichwani, midomo ikimcheza. Akamtazama Obedi, ambaye miezi minane hakumsalimia, akikimbia na damu kwenye nyusi. Akabana midomo yote miwili kwa vidole, akashikilia.

Uwanja wote ukanyamaza. Mtangazaji wa televisheni akaziambia nchi mia mbili kwamba hajawahi kuuona umma unaoipenda timu yake kiasi hiki: tazameni, alisema, watu elfu arobaini wameshika pumzi.

Filimbi ikapulizwa.

*

Alirudi nyumbani kwa miguu, jioni bado nyeupe. Barabara ya Stesheni ilikuwa tupu, milango imefungwa kwa kiapo. Lakini alipoipita nyumba ya mwenye duka, ndani kitu kiligongwa, sufuria labda, mara tatu za haraka, na mtu akanyamazishwa. Nyumba ya pili aliisikia sauti ya mzee akilia polepole, kilio cha furaha kinachozimwa ndani ya mto wa kulalia. Mji mzima ulikuwa bingwa, kila nyumba peke yake. Kwao, sahani ilikuwa chini ya kawa. Baba alikuwa ameongeza nyama. Mlango ulikuwa umefungwa.

Jumapili asubuhi alikwenda kwenye ua kabla ya kuitwa. Alikwisha andaa maneno, na yalikuwa maneno mazuri.

“Ma’mdogo, kidani kiliharibika. Nililitaja, wallahi nililitaja, dakika ya tatu kama tulivyopanga. Sikusikika. Walizima mtambo, nadhani walishtukia. Nilipaza sauti mpaka koo, sikia lilivyokauka—”

Zawena hakuwa anaanika nguo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso kwa uso naye, bila kujali nani anapita. Mapajani alikuwa na redio ndogo ya betri.

“Mkeo anajua kwamba huoni,” alisema.

Dachi akarudi nyuma hatua moja.

“Niliapa pamoja na wenzangu kwamba sitasikiliza. Nikavunja kiapo. Nilijifungia jikoni, nikaiweka sauti chini, nikaiegesha hapa.” Akagusa sikio. “Dakika ya tatu nikasema, mtoto amechelewa kidogo. Ya kumi nikasema, anatafuta nafasi. Nilimhesabia dakika mwanangu, zote. Ya sabini na moja nikakusikia wazi kabisa, Dachi, nikakujua kwa ule mzaha wako. Nikacheka. Nikasema, mtambo mzima, kidani kizima, sasa hivi anamtaja.”

“Ma’mdogo, chujio—”

“Dakika ya tisini mlinyamaza wote. Nikadhani umesahau jina. Basi nikakukumbusha. Nililitamka mimi, jikoni, taratibu, nikadhani huenda litakufikia.”

Dachi alitafuta kichekesho. Alikitafuta kwa dhati, kila mahali alipozoea kuvikuta, na palikuwa patupu. Ng’ambo ya minyaa mama yake mdogo alisubiri, na hakumsaidia.

“Sikulisahau,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu mmoja. “Nilikuwa nalo tangu dakika ya kwanza. Kidani kilikuwa kizima. Nilijua hukumu ni Jumatatu. Nilijua nikilitaja watatukata pointi tatu, na mimi nilitaka tuchukue.”

Zawena akaiweka redio chini.

“Na hata hilo si kweli lote,” Dachi akasema. “Ubingwa ningeuacha, ma’mdogo. Nadhani ningeuacha. Lakini ningelitaja jina lake wangenivua kidani, na pale ndipo mahali pekee ninapoitikiwa. Nilimpima ba’mdogo na kile kicheko. Nikachagua kicheko.”